Kona ya Watoto Wasioruhusiwa Kulia

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hana tena zamu ya kuwahi. Nawashukuru, inatembea vizuri. Kisha, tulipokuwa tunakunywa soda, mmoja wenu wa sali ya watoto, wodi yetu ya siku zote, akaniuliza kwa nini kila nikipokea mtoto mgonjwa nashika kwanza mguu wake, hata kabla sijamtazama usoni. Nilimjibu kwamba ni mazoea ya uzee. Nilijibu vile kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na keki ilikuwa inakatwa. Sasa muda ninao, basi nisikilizeni.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilipandishwa pale nilipopandishwa, nikasahauliwa pale niliposahauliwa, na yote mawili hayakumponya mtoto hata mmoja. Nitawaambia habari za hofu, kwa sababu kazi hii niliifanya kwa hofu tangu siku ya kwanza, na sijui kama kuna namna nyingine ya kuifanya.

Nilianza miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Kalemie yetu ilikuwa bado inaitwa Albertville, na lopitali, yaani hospitali, zilikuwa mbili, ya Wazungu kule juu penye upepo, na ya kwetu huku chini karibu na reli, ambako moshi wa treni uliingia madirishani bila kubisha hodi. Nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi na mama yangu mdogo, nikitegemea kupewa sindano. Aliyenipokea alikuwa Papa Mukalay, mufirmiye mkubwa wa sali ya watoto, yaani muuguzi aliyetutangulia sote. Alikuwa mtu wa Kiambi, mfupi, mwenye sauti ya chini, na sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua ikinyesha. Alilitazama lile koti langu, akatikisa kichwa, akanipeleka mpaka mwisho wa sali, kwenye kona yenye dirisha, akanikalisha juu ya kigoda.

“Shika huu mguu,” akasema.

“Niushike mpaka lini, Papa?”

“Mupaka muntu mwingine aushike. Akishika yeye, njo wewe utaachilia. Hapana kabla.”

“Na nikitaka kwenda chooni?”

“Utaita muntu.”

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Niliushika mguu wa mtoto wa kike wa miaka minne hivi, jina lake Zaina, ambaye aliniangalia kwa huruma kama mtu anayemwangalia mgeni aliyepotea njia.

Ile kona tuliiita kona ya moyo. Walilazwa pale watoto waliozaliwa na moyo ambao haukumalizika kujengwa. Wakati ninaousimulia walikuwa wawili tu, Zaina na Asukulu. Zaina alitoka katika familia ya Waislamu wa mjini, wale ambao mababu zao walikuja kufanya biashara ziwani wakabaki. Njia ya damu kutoka moyoni mwake kwenda mapafuni ilikuwa nyembamba mno, tena moyo ulikuwa na tundu, basi damu nyingi ilirudi mwilini bila kupita kuchukua hewa. Midomo yake, ulimi na kucha vilikuwa na rangi ya mtu aliyetoka kula zambarau. Akitembea kidogo alichuchumaa katikati ya njia ili apate pumzi, kisha akaendelea. Mtaani kwao walimwita mvivu. Mama yake aliniambia kwamba hata yeye aliwahi kumchapa kwa ajili ya kule kuchuchumaa, kabla hajajua, na kila aliponiambia alijifuta macho kwa pembe ya mtandio.

Kitu cha kutisha kwa Zaina kilikuwa kulia. Mtoto wa aina ile akilia kwa nguvu, ile njia nyembamba inajibana kabisa, na damu haifiki tena mapafuni. Midomo inageuka karibu nyeusi, anahema, macho yanapinduka, na usipowahi anakufa mikononi mwako huku sababu unaijua vizuri. Tulichokuwa nacho ni kumkunja magoti mpaka kifuani na kumkumbatia hivyo hivyo, sindano ndogo ya morfini kama daktari ameruhusu, na chupa ya chuma ya oksijeni tuliyoiazima lopitali ya juu, ambayo walikuja kuichukua kila walipoikumbuka.

Asukulu alikuwa mtoto wa kiume wa Wabembe, wavuvi waliotoka mwambao wa kaskazini. Yeye midomo yake ilikuwa na rangi nzuri tu. Tundu lake lilikuwa kubwa, kati ya vyumba vya moyo, na damu ilifurika mapafuni mpaka akawa anatokwa na jasho kwa kula uji kama mtu anayelima. Alilingana na Zaina kwa umri, lakini ungempa nusu ya miaka yake. Alikuwa na utani wa kizee. Wafirmiye wote aliwaita “mukwe wangu”, na Zaina alikuwa “bibi yangu”, yaani mkewe, na akiishiwa pumzi katikati ya mzaha alisubiri, akapumua, akaumalizia.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Zaina alipaswa kunywa maji siku nzima, maana damu yake ilikuwa nzito, na mwili ukikauka inaganda. Asukulu alipaswa kupimiwa maji, na chumvi asiionje kabisa. Vitanda vyao viligusana. Walikunywa kikombe kimoja kwa siri, na ndugu za Asukulu walileta ndagala, dagaa wa chumvi waliokaushwa ziwani, kwa mapenzi makubwa, kila walipokuja kumtazama. Kumweleza Mubembe kwamba ndagala watamuua mtoto wake ni kazi ngumu kuliko kutafuta mshipa wa damu kwa mtoto mnene. Nilieleza mpaka sauti ikakauka, nao waliitikia kwa adabu, wakaondoka, na nikainua mto nikakuta ndagala.

Papa Mukalay hakueleza kitu. Aliwabadilisha wamama kazi. Mama Zaina ndiye akawa anampikia Asukulu, na Mama Asukulu ndiye akawa anamnywesha Zaina maji. Nilimwuliza faida yake ni nini.

“Wa kwako unamwonea huruma, unamupa kadogo tu ya ile amekatazwa,” alinijibu. “Wa mwenzako unaogopa kumuharibu.”

Na kweli, tangu siku ile chungu cha Asukulu hakikuona chumvi, na kikombe cha Zaina hakikukauka. Wale wamama wawili, mmoja wa mtandio na mwingine wa msalaba shingoni, ambao mjini wangepishana bila salamu, wakawa wanagombana kila asubuhi kuhusu uji kama ndugu.

Na mguu je? Mguu ukianza kupoa wakati mwili una joto, ujue moyo umechoka, na utajua kabla uso haujaonyesha chochote. Hilo la kwanza. La pili, kwa kuwa mguu hauachwi mpaka mkono mwingine uupokee, hapakuwa na mtu wa kusema kwamba alidhani mwenzake yupo. Wafirmiye tulipokezana, wamama wakapokezana na sisi, na hata watoto wenyewe waliishika ile sheria kwa ukali. Nikitaka kuondoka kabla ya kupokewa, Asukulu alinitania, “Mukwe wangu, unatoroka?”

Basi siku moja mchana, upande wa pili wa sali, kitoto kichanga kikafa kwa malaria. Mama yake akapiga kilio. Kwetu mnakijua kilio, hakisubiri mtu. Wamama wa vitanda vya jirani wakajitupa chini naye, na sali nzima ikatetemeka. Zaina alikuwa usingizini. Aliamka ndani ya ile sauti, akashtuka, akaanza kulia.

Nilikuwa nimemshika mimi. Niliona midomo ikibadilika, nikamkunja magoti, nikamkumbatia, na mwili wake ukalegea kifuani pangu. Nilimwita jina, hakusikia. Papa Mukalay alifika na sindano, akamdunga. Zaina alipotoa tena pumzi nzima, koti langu lilikuwa limelowa na sikujua kama ni jasho langu au ni mkojo wake. Mama Zaina alikuwa amesimama ukutani na ameziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, kwa sababu hata yeye alijua asilie.

Kesho yake Papa Mukalay aliwaita wamama wote nyuma ya lopitali, pale walipopikia.

“Wamama, ninaomba kitu kizito,” akawaambia. “Mungu akimuchukua mutoto humu ndani, kilio kisianzie humu ndani. Mumubebe mupaka ng’ambo ya reli, kule ziwani. Kule mulie yote.”

Kuni zilikuwa zinalia motoni. Kisha akasimama Mama Asukulu, yeye wa kona yetu, ambaye aliyaona mwenyewe ya jana yake.

“Papa Mukalay, weye ni muntu muzuri,” akasema. “Lakini mimi, wangu akikufa, nitalia palepale atakufia. Nikitoka hapa macho kavu, watu wa bwana yangu watasema nini? Watasema mimi njo nilimula kwa uchawi.”

Wenzake wakaitikia. Hata mimi moyoni niliitikia. Mwanamke asiyemlilia mtoto wake, watu wa mume humwuliza anajua nini kuhusu kile kifo, na swali lile likishaulizwa halifutiki. Papa Mukalay alisema tu, “Nimesikia,” akarudi ndani. Sheria ile haikupita. Tulibaki na hofu yetu, na tukapanga kwamba kifo kikitokea, mmoja wetu amtoe Zaina nje haraka kabla kilio hakijaanza, tukimwomba Mungu tuwahi.

Muda si mrefu daktari akaja kwenye kona na habari. Alisema Kifaransa, mimi nikageuza kwa Kiswahili. Mpasuaji kutoka Ulaya alikuwa anapita Élisabethville, Lubumbashi ya sasa, kwa muda mfupi, na alijua kuchukua mshipa wa damu unaokwenda mkononi na kuuunganisha na mshipa wa mapafu, ili damu ipate njia nyingine. Kazi hiyo ilifanyika nje ya moyo. Angeweza kumpokea Zaina. Ndege haikufaa, kwa sababu kule juu hewa ni chache, basi angekwenda kwa treni, na mimi nimsindikize. Lakini daktari aliweka sharti. Zaina akipata tena shambulio kama lile kabla ya safari, hatampakia, maana angefia njiani. Na yule mpasuaji akishaondoka, hakuna aliyejua kama atarudi.

Mama Zaina alinishika mkono. Mama Asukulu ndiye aliyeuliza.

“Na wa kwangu?”

Daktari alieleza kwa urefu. Tundu la Asukulu lilikuwa ndani ya moyo, lazima moyo wenyewe ufunguliwe, na mashine ya kufanya kazi ya moyo wakati umefunguliwa haikuwapo huku. Alieleza vizuri, tena kwa upole. Mimi nikafupisha.

“Amesema ndani ya moyo bado hawawezi kufika, Mama.”

“Bado,” akasema Mama Asukulu. Kisha akachukua kikombe akamnywesha Zaina, kwa sababu ilikuwa saa yake.

Zile siku zilizofuata ndizo nilizoogopa kuliko zote za maisha yangu ya kazi. Asukulu alikuwa anazidi kuvimba, dawa ya moyo haikumsaidia tena, na hatukuweza kumlaza, ilibidi akae ameegemea mito mchana na usiku. Mama yake hakuzungumza tena na Mama Zaina. Ugomvi wa uji ulikwisha, na nikaukumbuka. Lakini zamu yake ikifika alinyoosha mkono akaupokea mguu wa Zaina, na maji alimpa kijiko kwa kijiko, bila kuruka. Mimi niliketi pale nikimchunguza kama polisi. Kilichonitisha ni kwamba kifo kilikuwa njiani, kitanda kwa kitanda na Zaina, na mama yule alikuwa ameshatuambia wazi atafanya nini kikifika.

Kilifika asubuhi ya safari yenyewe.

Kamyo, lori la lopitali, ilikuwa uani inanguruma. Zaina ameketi kitandani na gauni jipya na kitambaa kichwani, hataki mtu amguse gauni, na mama yake yuko chini anafunga furushi. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa Asukulu. Tangu alfajiri ulikuwa baridi mpaka gotini. Alipumua, akasubiri, kama alivyozoea kusubiri katikati ya mzaha, na safari hii hakuumalizia.

Tulijua watatu, mimi, Papa Mukalay aliyesimama dirishani, na mama yake. Mama Asukulu akainuka. Nikaona kifua chake kinajaa hewa, nikaona mdomo unafunguka. Nilitaka kumrukia Zaina nimtoe nje, lakini mguu wa Asukulu ulikuwa bado mkononi mwangu. Na kabla ya sauti kutoka, Zaina akauliza kutoka kitandani kwake.

“Mama Asukulu, iko analala?”

Ule mdomo ulibaki wazi. Mama Asukulu alimtazama yule mtoto, gauni lake, kitambaa chake. Kisha akafunga mdomo, akameza mate kama mtu anayemeza jiwe.

“Njo vile,” akasema. “Iko analala.”

Akachukua mbeleko yake, akanigeukia. “Papa Munganga, nisaidie kumufunga.”

Nilimsaidia kumpandisha mgongoni. Tulimfunga kama mtoto mwingine yeyote, kichwa kimelala begani, miguu imetoka pande mbili. Mama Asukulu akaanza kutembea. Njia ilipita kando ya kitanda cha Zaina, na Zaina akanyoosha mkono, akaushika mguu wa rafiki yake.

“Mguu yake ni baridi,” akasema.

“Njo maana ninamupeleka juani,” Mama Asukulu akajibu.

“Akiamuka umwambie nimeenda na treni.”

“Nitamwambia.”

Lakini Zaina hakuuachilia ule mguu. Sheria tulimfundisha wenyewe. Alituangalia mmoja mmoja, akingojea mkono wa kumpokea, na midomo yake ikaanza kujikunja kwa kuona hatuendi. Ndipo Mama Zaina alipoinuka. Aliupokea ule mguu kutoka kwa mwanawe, akatembea na mwenzake mpaka mlangoni, ameushika, hawajazungumza kwa siku nyingi na hawakuzungumza sasa. Mlangoni Papa Mukalay akaupokea yeye, na wale wawili wakashuka uani. Mama Zaina akarudi, uso mkavu, akamwambia Zaina avae viatu.

Papa Mukalay aliniambia baadaye kwamba aliushika mguu ule kuvuka reli na kushuka mpaka mchangani, na kwamba Mama Asukulu hakutoa sauti mpaka maji ya ziwa yalipomfikia vidoleni. Lakini pale langoni walikutana na mama mkwe wake, anakuja na kikapu cha ndagala. Mama mkwe alimsalimu. Mama Asukulu alipita bila kuitika, macho makavu, mtoto mgongoni, na bibi akamwona mjukuu wake jinsi kichwa kilivyokuwa kinayumba.

Sisi tulikuwa ndani ya kamyo. Njia nzima mpaka stesheni nilitega sikio upande wa ziwa. Treni ikapiga honi, na mpaka leo sijui kama nilisikia kitu kingine ndani ya ile honi.

Safari ile sitaieleza yote. Behewa lilikuwa joto, na mimi nilikuwa na chupa ya oksijeni iliyofungwa kwa kamba kwenye benchi, nikiogopa iishe, nikiogopa ilipuke, nikiogopa mwanamke wa benchi la pili ambaye mtoto wake alikuwa mlizi. Papa Mukalay alikuwa amepiga simu za waya kwa wafirmiye wa stesheni. Nyunzu alikuja mwenzetu mmoja na maji yaliyochemshwa na kipande cha barafu, akaushika mguu wa Zaina dirishani mpaka niliporudi kutoka kujinyoosha. Kabalo vivyo hivyo. Watu ambao sikuwahi kuwaona walinyoosha mkono bila kuuliza. Mama Zaina alisimulia hadithi mpaka akapoteza sauti, maana mtoto anayesikiliza halii. Zaina alimkatiza.

“Asukulu akipona, atakuja na hii treni?”

“Njo hii hii,” mama yake akajibu, akaendelea na hadithi.

Kule tulikofika, muuguzi mmoja kijana mwenye kofia nyeupe aliniambia nimweke mtoto kitandani niende zangu. Nikamwambia ashike mguu kwanza. Alidhani safari imenichanganya akili. Nikamwambia sina haraka. Mwishowe akaushika, pengine ili niondoke, na mimi nikaachilia. Halafu nikaenda kuketi kwenye ngazi za nje mpaka mlinzi akaniletea chai. Mama Zaina alibaki na mwanawe. Mimi nilirudishwa kazini.

Nilirudi nikakuta mambo mabaya. Watu wa mume wa Mama Asukulu walikuwa wamemfukuza. Matanga walikaa bila yeye, wakasema mama aliyempoteza mtoto kwa haki hatembei vile. Papa Mukalay alikwenda kueleza. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

“Papa, mama gani anabeba maiti ya mutoto wake mugongoni kama anaenda sokoni?”

“Alifanya kwa ajili ya kuokoa mutoto wa mwenzake.”

“Mutoto gani? Muonyeshe.”

Hapakuwa na mtoto wa kuonyesha. Zaina alikuwa mbali, na habari iliyotufikia kwa waya ilisema tu kwamba amepasuliwa. Mama Asukulu alihamia kwa dada yake, mtaa wa wavuvi. Nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta anageuza ndagala juani. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama Zaina bado yuko hai, nikamjibu kwamba sijui. Sikuogopa tena kwa ajili ya mtoto mmoja tu. Zaina akifia kule, yule mwanamke atabaki mchawi mpaka kaburini, na kilio alichokimeza hakitakuwa kimemfaa mtu yeyote.

Zaina alirudi mvua za kwanza zikianza. Tulikuwa stesheni, mimi na Papa Mukalay. Aliteremka peke yake, akatembea kutoka behewa lao mpaka tuliposimama, na sikuamini, nikaendelea kungojea achuchumae. Hakuchuchumaa. Mama yake alimnyanyua kidole, akanionyesha ukucha, wa rangi ya ukucha. Babu na shangazi walikuwa pale na zawadi, wanataka kumpeleka nyumbani.

“Kwanza kwa Mama Asukulu,” Mama Zaina akasema, akashika njia.

Papa Mukalay akatuacha, akapita upande mwingine. Tulipoingia uani kule mtaa wa wavuvi, naye akaingia na mama mkwe. Sijui alimwambia nini. Bibi alisimama mbali, amekunja mikono, anamtazama Zaina kuanzia miguuni.

Zaina alimkimbilia Mama Asukulu.

“Ameamuka?”

Mama Asukulu aliketi chini, akamweka mapajani.

“Zaina, mwanangu, nilikudanganya. Siku ile hakuwa analala. Alikuwa amekufa. Nilikuficha sababu ukilia ungekufa na weye.”

Mtoto alimtazama. Niliiona ile midomo ikijikunja, nikajua kinachokuja. Zaina akafungua mdomo akalia. Alilia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, sauti kubwa, ya tumboni. Mimi nilijitupa nikaushika mguu. Mama Zaina alipiga magoti kumkunja. Papa Mukalay alitoka mwisho wa ua mbio, yeye ambaye hakuwahi kukimbia.

“Mumuache,” Mama Asukulu akasema. “Mumuache alie.”

Tukamwacha. Nilitazama midomo, nikatazama kucha, nikarudi kwenye midomo. Rangi haikuondoka. Mguu mkononi mwangu ulikuwa na joto, na ukabaki na joto, na yeye akalia, “Asukulu, Asukulu,” akavuta pumzi, akalia tena. Mama Asukulu alimkumbatia akalia naye. Mama Zaina akafuata, mimi pia. Ndipo yule bibi akafungua mikono yake. Alivua kitambaa cha kichwani, akaketi mchangani kando ya mkwe wake, akapiga kilio.

Majirani walisikia, wakaja wanakimbia. Mwanamke mmoja akachungulia juu ya ua wa matete, akauliza nani amekufa.

“Ni Asukulu,” bibi akamjibu. “Ingia, mama yake iko hapa.”